Sabini na Tatu

Mshale ulisema tisini.
Kamera ya barabara ya Akureyri ilisema mia na kumi,
na kwenye picha ni mimi, Steinvör,
daktari wa kondoo na farasi,
nimeuma glavu kwa meno,
uso wa mtu asiyedaiwa na yeyote.

Nikampelekea Ketill barua ya faini.
Ndugu yangu huyo ndiye aliyeninyanyulia pikapu
theluji ya kwanza ilipoanguka:
aling'oa tairi za inchi thelathini na moja,
akafunga za thelathini na nane,
tangu hapo naingia garini kama mtu apandaye darini.
Hakufika mstari wa pili. Akacheka.

"Spidomita yako haisemi uongo," akasema. "Ni kipofu."
Akachukua kifuniko cha mtungi wa jemu
na sahani ya supu,
akavibiringisha mezani, mzunguko mmoja, mmoja tu.
Kifuniko kikakomea kwenye chumvi.
Sahani ikapita chumvi, ikapita mkate,
ikaniangukia mapajani.

"Umeona? Mshale hauijui barabara.
Unahesabu mizunguko,
na kila mzunguko unaupa urefu uliofundishwa kiwandani,
urefu wa lile gurudumu
lililolala nyuma ya karakana yangu likikinga mvua."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema.
Na hii ya kipofu je?
Nilitoa daftari la madai:
nalipwa kwa kilomita, shamba hadi shamba,
na tangu vuli nimeandika elfu nane
kama dashibodi ilivyonisomea.
Ketill akapiga hesabu kwa penseli pembeni mwa barua ya polisi.
Elfu tisa na mia nane.
Basi nimetozwa mwendo nisioujua,
nami sikutoza njia niliyoimaliza.
Hata pikapu yenyewe imezeeka kwa siri,
umri wake wa namba
ni mdogo kuliko magoti yake.

Ndipo nikaitazama tarehe.

Mei, usiku usiotaka kuwa giza,
theluji iliyochelewa ikivuka lami kama unga uliomwagika.
Farasi wa Úlfhildur alikuwa anazaa,
mguu mmoja wa mtoto umekunjika ndani.
Kilomita themanini.
Nilijiapiza: tisini, hapana zaidi, barafu haina huruma,
na mshale nikaushikilia hapo
kama mtu aliyeshika kikombe kilichojaa.
Nilipofika Úlfhildur alikuwa langoni,
mikono damu hadi viwikoni.
Akatazama saa yake, akanitazama mimi.
"Umeruka?"
Nikadhani ananisifu udereva.

Dakika tisa.
Sikuziiba kwa kujua, lakini nilizitumia zote:
ya kwanza kuvua koti,
ya mwisho kuupata ule ukwato kwa ncha za vidole
na kuunyoosha.

Ketill ana kisanduku cha kuifundisha upya kompyuta.
Kazi ya robo saa, anasema, bure, wewe ni dada yangu.
Nimemwambia wiki ijayo.
Faini nimelipa.
Kwenye kioo cha spidomita nimebandika kipande cha plasta,
ile ile ya kufungia majeraha,
penye sabini na tatu:
hapo ndipo tisini ya kweli inapokaa.
Sivuki plasta. Karibu kila siku sivuki.

Jana nilipita tena kwa Úlfhildur.
Yule mtoto ana miguu mirefu kuliko akili yake bado;
anatupa hatua moja akitaka kumfikia mama,
na hatua inampitisha mama,
inampitisha ndoo ya maji,
anasimama penye uzio, masikio juu,
anageuka kututazama
kama vile ni sisi tuliosogea.