Unyaufu

Mimi ndiye karani wa ghala, Mahuta,
misimu kumi na tisa, kalamu sikioni,
vumbi la gunia puani.
Mizani yetu ya zamani ilikuwa ya chuma,
sindano yake ikitetemeka
kama mtu aliyeulizwa swali gumu.
Nilijua kuisubiri itulie. Nilijua pia
lini nisiisubiri.

Msimu huu wameleta nyingine:
bamba la bati, kioo chenye tarakimu nyekundu,
na waya usioonekana hadi Mtwara mjini,
hadi mnadani, ambako wanunuzi hawaji tena
na bahasha na kikohozi.
Wanabonyeza huko huko waliko,
na bei inapanda ukutani
mbele ya kijiji kizima kilichonyamaza
kama kinaangalia penalti.

Kijana aliyekuja nayo, Shazili Nampota,
ana kishikwambi na subira.
Kwanza dole gumba, akasema,
kila mkulima na alama yake.

Bi Somoe Chilinda akaweka dole.
Mashine ikakataa.
Akalipangusa kwa kanga, akaweka tena. Ikakataa.
Miaka thelathini ya kubangua,
mafuta ya ganda yamekula mistari yote;
dole lake laini kama mgongo wa kijiko.
"Imesema mimi sipo?"
Wanawake saba nyuma yake
wakatazama madole yao.

Shazili hakujibu. Alilala ofisini siku mbili
kwa mihogo ya kuchoma, akipiga simu,
akifuta, akiandika upya,
na siku ya tatu mashine ikajua kusoma uso.
Nasikia sasa wanaitumia Nachingwea kwenye ufuta,
na Kilwa kwa wavuna chumvi,
maana chumvi nayo hula.

Gunia likapanda.
Themanini na moja, nukta nne.
Sijanyanyua kalamu,
simu ikalia kifuani kwa Bi Somoe.
Mjukuu wake akasoma kwa sauti, kisha akamuuliza Shazili
kama ujumbe wa misimu mitatu
unaweza kukopea mashine ya kubangulia,
isiyokula vidole.

Nikasubiri bibi aondoke. Hakuondoka.
"Mwaka jana gunia kama hili,
debe lile lile, mkono huu huu,
uliandika sabini na tisa."

Unyaufu, nikasema.
Ndilo neno letu. Korosho hukauka, mama,
maji hutoka, kilo mbili huenda na upepo.

"Na mwaka huu upepo umekwenda wapi?"

Mimi hutunga mashairi, usiku,
nane kwa nane, nikihesabu kwa vidole.
Najua mizani ni neno moja lenye kazi mbili,
na katika shairi sijaiba hata silabi.
Nikajaribu kuungama kwa njia hiyo:

   Kilo mbili kwa gunia, sikuziona ni nyingi,
   Nyumba nikajijengia, bati zikawa za rangi,
   Mvua ikizipigia, nasikia ni shilingi,

mstari wa nne ukakataa.
Kila nikiupima
unapungua silabi mbili.

Asubuhi Bi Somoe alirudi bila gunia.
Akanyoosha kidole, kile laini,
kwenye rafu yenye madaftari yangu.
"Pima na hayo."

Nikayapanga juu ya bamba, yote kumi na tisa,
mwandiko wangu mzuri ndani yake.
Kilo kumi na tatu, nukta sita.
Tarakimu zikasimama, wala hazikutetemeka.
Tukangoja, yeye na mimi na Shazili.
Hakuna simu iliyolia.