Safu ya Tatu

Kitabu cha ubatizo cha Kilimatinde kinanuka popo.
Mchungaji Lechipya amefungua dirisha,
amenipa kiti chenye miguu mitatu mizima.
"Usilowanishe kidole kwa mate, mwalimu,
karatasi hizi zinakufa."

Safu ya kwanza: Eseri.
Safu ya pili, mama yake: Mbeleje, mchemsha chumvi, wa Bahi.
Safu ya tatu ni mstari.
Wino umekolea pale ulipoanzia,
kana kwamba karani alingoja kidogo
mtu ataje jina.

Shuleni Kintinku waliniita Kaputula.
Sisi ni nyumba ya Kaputeni, na watoto
Kaputeni hawamjui, kaputula wanaijua.
Hata mimi nilidhani ni Kigogo,
jina la njaa fulani, au la fahali.

Kisha ikaja barua.
Wiebke Harmsen, wa Flensburg, miaka themanini na mbili.
Sista Kunigunda wa Itigi alinisomea
kwa Kiswahili chake cha wodini, polepole, kama anayehesabu vidonge:

*Babu yetu alikuwa nahodha wa meli ya serikali.
Vita vilipokuja aliitoboa mwenyewe, Waingereza wasiipate,
akapanda treni na mabaharia kumi na mmoja
kwenda bara kuwa askari wa miguu.
Alirudi. Hakusimulia, ila mara moja, ana homa:
kwamba alisimama ukingoni alfajiri
akaona bahari chini yake, nyeupe, imetulia,
na jua lilipopanda ikawa vumbi na ng'ombe.
Kabatini tuna kibuyu chake. Ndani mna donge la kijivu.
Hakuna aliyethubutu kulitupa.
Tafadhali, ni nini?*

Nilicheka. Kisha sikucheka.
Ukingo huo nimeupanda leo asubuhi,
na ukungu ulikuwapo, umelala Bahi nzima.

Ni chumvi, bibi.
Mbeleje alikwangua udongo wa mbuga kiangazi,
akauchuja kwa kapu, akachemsha mpaka chungu kikauke.
Mtu aliyezamisha bahari yake
akauziwa nyingine kwa kibaba.
Alilipa nini, safu ya tatu haisemi.
Mwaka wenyewe ulikuwa wa Mtunya:
ng'ombe wamekwenda na majeshi,
ghala limefagiliwa, mtoto anabadilishwa kwa mtama.
Siwezi kuandika *mapenzi*
mahali ambapo njaa ilisimama mlangoni.
Wala siwezi kuandika lile neno jingine.
Kibuyu alikibeba hadi kwao. Hilo tu ninalo.

Wanasema mwacha asili ni mtumwa.
Na asili ikikuacha yenyewe,
ikafunga mizigo usiku kuelekea Iringa
wewe bado uko tumboni,
nani mtumwa?

Mchungaji amenisogezea kalamu, imefungwa kamba kama ya benki.
"Jaza. Barua ipo, Mungu yupo."
Nimeishika. Nimeirudisha.
Eseri aliishi na mstari ule miaka sabini na minne,
akalima, akazaa saba, akazika wawili.
Si wangu kuufuta.

Nje, mama amekalia kivuli cha ukuta,
uso bado wa kijivu.
Huyu hutapika kila basi linapopanda Saranda,
miaka yote, na limao puani, na mfuko mapajani;
makondakta wanamjua kwa jina.
Nimemweleza yote, meli, treni, kibuyu.
Amesikiliza hadi mwisho bila kunitazama,
akinyonya limao.

"Utamjibu yule mzungu?"
"Nitamjibu."
"Mwambie ni chumvi. Asiitie mchuzini, imekaa mno."

Akatema mbegu.

"Halafu muulize. Huyo nahodha wao,
huko majini,
alikuwa hatapiki?"