Inapakia

Kamati ilikaa toka saa tatu hadi adhuhuri
ikibishana kitu hiki kiitwe nani:
mmoja kasema programu tumishi, mwengine kasema apu,
na Bi Mize wa usajili, aliyekwisha kuchoka, akasema
kiiteni mtakavyo,
mimi nataka foleni iondoke dirishani kwangu.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi.

Miezi minne nilijifungia Tunguu,
chumba cha nyuma, feni yenye kelele kuliko upepo wake,
kahawa chungu, na kashata alizoniletea Vuai
aliyeilinda seva kama mtu anayeuguza:
akiipima joto kwa kiganja,
akinisuta nikiacha mlango wazi.
Nikatia ratiba. Nikatia ada na matokeo.
Nikatia, kwa kiburi changu mwenyewe,
picha ya lango kuu asubuhi, na mawingu yake,
ikifunguka taratibu kama pazia la bibi harusi.
Ilipendeza. Mkurugenzi alipiga makofi.
Simu yake mpya, na mtandao wa ofisini
haulipii yeye.

Wiki ya matokeo nikatumwa Pemba.

Wete, nje ya duka la vocha, nilimkuta Time Shaame,
mwaka wa pili, ualimu wa hesabu,
simu ina ufa toka pembe hadi pembe
na mpira wa kufungia noti ndio ulioshika betri.
Kanunua bando la mia tano.
Kabonyeza. Kioo kikaandika: Inapakia...
Tukasubiri sote wawili,
mimi niliyeitengeneza, yeye aliyeilipia.
Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama ngamia wa kinu cha ufuta.

Hamali mmoja, kaketi juu ya magunia ya mwani,
akachungulia begani, akasoma kwa sauti:
"Inapakia? Inapakia nini, yakhe?
Mie nishapakia gari mbili toka mulipoanza."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nisijulikane.
Bando likakatika. Picha yangu huanzia juu kushuka,
na haikuwahi kufika langoni.
Mia tano yake ilinunua mawingu.

"Ndo kawaida," akasema Time, wala hakukasirika,
na hiyo kawaida ndiyo iliyonichoma.
"Jumamosi nampigia binamu yangu yuko dahalia, ananisomea."

Usiku, nyumba ya wageni, nikafuta.
Nikafuta mawingu, lango, pazia,
kivuli cha kila kitufe,
herufi za maringo nilizoziagizia mbali.
Kufuta kuna utamu wake, kama kupara samaki:
magamba yanakurukia usoni, unajua nyama ipo.
Ukabaki ukurasa mtupu, unaofunguka kwa simu yoyote,
nafasi ya namba ya usajili
na kitufe kimoja: Nionyeshe.
Wote kwa jumla mwepesi kuliko salamu ya sauti
anayonitumia mama kila Ijumaa.
Na pale palipokuwa na Inapakia
nikaandika ukweli:
Mtandao mdogo. Usinunue bando jengine.
Tumekushikia nafasi yako.

Vuai akanung'unika simuni:
"Mkurugenzi atauliza picha ya lango iko wapi."
Mwambie iko langoni.

Alfajiri ukaingia ujumbe, namba nisiyoijua:
"Imefunguka. Aljebra nimepata B.
Ila baba yangu ni Shaame, a mbili.
Mumemuandika Shame."

Nikaifungua orodha.
Akina Shaame mia na kumi na wawili,
kila mmoja kapungukiwa na herufi.
Bi Mize, kunradhi:
foleni haijaondoka.
Imehama dirishani kwako,
imesimama kwangu.