Chini kwa Chini, Juu kwa Juu

Jumanne, ghorofa ya pili, klabu ya wastaafu wa reli, Bydgoszcz.
Meza ya nne. Nimeweka kadi yangu: shupaza moja,
neno dogo, la kubisha hodi.
Kabla mlango haujafunguliwa
Jagna, mwanafunzi wa udaktari, kucha za kijani,
anaruka ngazi nzima: mbili, bila turufu.

Hana nia ya kucheza bila turufu.
Kadi moja, rangi mbili: pau tano, uru tano.
Ni mgeni aliyeingia na mikeka miwili
akaitandika sebuleni kwetu kabla hatujakaa.

Sasa ni zamu ya Ludomir.

Tangu Septemba mume wangu hana maneno.
Mshipa ulipasuka kichwani akimenya viazi;
tangu hapo kisu anakiita "jana",
mimi ananiita "ile, ile",
kisha anapiga goti lake ngumi.
Daktari alisema: mtafutie kitu kisichohitaji ulimi.
Nikamrudisha mezani.

Makubaliano yetu yana miaka ishirini na sita.
Aliyaandika kwa chaki ya mchomeleaji nyuma ya risiti ya makaa:
Wakitaja zao mbili, nasi tunazo mbili.
Pau zao, tukizitaja sisi, ni kopa zetu;
uru zao ni shupaza zetu, na nguvu ipo.
Chini kwa chini, juu kwa juu.
Shupaza tatu: nakusindikiza tu, usipande.
Kadi nyekundu ya maradufu: nina meno, tuwawinde.
Tuliyarudia jikoni, nikiosha vyombo,
mpaka yakawa kama salamu.

Mkono wake unatambaa juu ya kisanduku.
Unagusa kijani cha pasi. Unaondoka.
Unagusa nyekundu. Unatetemeka.
Unavuta: pau tatu.

Naweka kadi ya tahadhari.
Gniewko ananitazama. "Maana yake?"
Sheria inataka niseme tulichokubaliana,
si ninachoomba.
"Kopa tano au zaidi," nasema. "Na nguvu."
Sauti inatoka kavu, kama ya karani wa mahakama
anayesoma wosia wa mtu aliye hai.

Maana huenda ni pau tu.
Huenda mkono umeokota kadi ya jirani
kama ulimi unavyookota "jana".

Gniewko anapanda: uru nne.
Mimi nina kopa tatu, na ree imo.
Nikiamini, nataja. Nisipoamini, nanyamaza,
na kimya nimekishiba nyumbani.
Kopa nne.

Pasi. Pasi. Pasi.

Kwa Kipolandi anayelaza karata zake wazi huitwa babu.
Babu wangu analaza safu moja moja:
shupaza tatu, mfalme juu.
Pau moja, mkiwa.
Uru tatu.
Kisha kopa: mfalme, ghulamu, nane, saba, tano, mbili.
Sita? Nahesabu tena. Saba ni ya uru,
nyekundu kati ya nyekundu.
Jagna anaisogeza mahali pake kwa ncha ya kucha
bila kunitazama. Namshukuru, na namchukia kidogo.

Kopa tano. Za kweli.

Nikaucheza mkono ule vibaya.
Furaha ilinipanda vidoleni,
nikavuta turufu mizunguko mitatu kama mtu anayefagia ua,
na uru zake zikabaki zimekaa, hazina wa kuzikata.
Tulianguka kwa moja.

Ndani ya tramu ya Fordon Ludomir alipumulia kioo,
akachora kwa kidole umbo la uru,
akalipiga mstari: kata.
Jingine: kata.
Ndipo uvute.
Akanigeukia kwa macho yaleyale
ya mwaka tisini na nne, Toruń, niliposahau kuhesabu.

"Najua," nikasema, "najua."
Akatikisa kichwa: hujui.
Akafuta kioo kwa mkono wa koti,
akaanza upya kunieleza.