Betri ya Noah Sitaki

Ondoa hiyo, Bwana Rwechungura. Irudishe rafuni.
Betri ya Noah sitaki.
Noah ikizima pale Igoma abiria wanashuka,
wanakunja mikono ya mashati, wanasukuma,
na sisi kusukuma ndilo kabila letu.
Ziwani, nieleze, ashuke nani?

Hata Nuhu wa kwenye Kitabu hakuipata shida hii:
safina yake haikuwa na swichi.

Yangu ni hospawa mia mbili, silinda sita,
mali ya zahanati ya Irugwa.
Haina kamba kama zile za arobaini,
unazovuta huku unatukana, mwishowe zinakubali.
Hii ina ufunguo tu.
Ufunguo, na kile utakachoniuzia.

Na hiyo? Ya sola?
Naijua. Imewasha balbu za shemeji yangu misimu mitatu.
Ni mstaafu na pensheni yake:
inatoa kidogo, inatoa kidogo, hadi alfajiri.
Stata haiombi kidogo.
Stata ni mwenye nyumba mlangoni, tarehe mosi:
kodi anaitaka yote, anaitaka sasa,
kisha anakusahau.

Lithiamu nimeiona, usiifunue.
Nyepesi kama mkoba wa bibi harusi.
Lakini chaji ya injini yangu ni ya kizamani,
hawajatambulishana,
na mimi si mshenga wa kuwakutanisha
katikati ya maji.

Sikiliza. Njia ya Nansio, upepo ukigeuka saa nane mchana,
boti haipiti juu ya maji, inayapiga.
Kila wimbi nyundo.
Betri laini inamomonyoka sahani kimya kimya,
nje inang'aa, stika inacheka.
Nataka iliyoshindiliwa ndani,
isiyo na maji ya kuchungulia,
yenye skrubu kwenye ncha,
siyo ya kubana kwa koleo na kumwachia Mungu.

Agosti ile tulikuwa na Nyanjige,
uchungu umemwanza jioni.
Wavu ukajisokota kwenye pangaboi.
Nikazima, nikainua injini, nikaukata kwa kisu,
dakika ishirini, taa zinawaka, redio inawaka.
Nikageuza ufunguo.
Tka.
Nikageuza tena.
Tka.
Kama mtu anayesonya.

Nesi Mugeta hakunitazama.
Taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa mbali,
zimejipanga kama mji ambao haupo.
Mtoto alizaliwa juu ya maboya ya kuokolea
saa tisa kasoro,
hai, akipiga kelele ambazo injini ilikataa kupiga.
Sasa anatembea. Ana meno.
Ila mama yake, tukikutana sokoni Nansio,
anavuka barabara.

Betri ile niliinunua hapa, Bwana Rwechungura.
Kaunta hii.
Niliinyanyua kwa mkono mmoja
nikafurahi.

Sasa umeingia stoo. Umekawia huko.
Unarudi umeibeba kwa mikono miwili,
mishipa ya shingo imesimama.
Iweke chini. Nipe miwani yako nisome ubavu:
ampea za kuwashia, mia nane na zaidi.
Tarehe ya kiwandani, mwezi wa pili, haijakwanguliwa.
Ngoja niinyanyue mwenyewe.

Hii.

Laki saba na themanini, unasema.
Nina laki sita na kumi na mbili za mchango,
elfu moja moja, zinanuka dagaa, usizikunjie pua.
Kinachobaki andika deni.
Andika jina langu lote: Bugingo Mazigo.
Andika na simu.
Ukinikosa hewani, ujue niko majini, narudi.

Dogo wa bodaboda, nimeipakata, twende Kirumba.
Taratibu hapo kwenye matuta.
Ndiyo, najua imeundwa kwa mawimbi.
Taratibu hivyo hivyo.