Gridi Ilikuwa Kiziwi

Zamani, hapa Montevideo, umeme ulikuwa kiziwi.
Ukikatika La Teja, makao makuu hawakujua
mpaka mtu apige simu,
na mtu huyo, miaka kumi na miwili mfululizo,
alikuwa doña Eulogia wa karibu na kiwanda cha ngozi,
aliyeanza kwa matusi, akamalizia kwa kutaja mtaa.
Tulipakia ngazi. Tukaenda nguzo kwa nguzo
tukitazama juu kama watu waliopotewa na kasuku:
ya kwanza nzima, ya pili nzima,
ya thelathini na nne imekumbatiwa na tawi.
Mkono wangu wa kushoto una kovu la usiku kama huo.
Vidole viwili havikunjiki.

Binti yangu Maite hapandi nguzo.
Anakaa mbele ya skrini sita, viatu kavua.
"Mji mzima uko hapa, Baba,"
nami nikaona vistari vya rangi tu, vikipumua.
Akanieleza Jumapili ya mpira:
filimbi ya mapumziko ikilia, maelfu wanainuka kwa pamoja
kuwasha birika la chai ya yerba.
Enzi zetu mshindo huo uliziunguza transfoma.
Siku hizi gridi inaijua ratiba ya ligi.
Dakika mbili kabla ya filimbi, betri za Malvín zinakaa chonjo,
vinu vya upepo vya bara vinaulizwa vina nini mkononi,
na majokofu ya ghala la nyama yanakubali kunyamaza kidogo.
Nyama haina habari.

Julai upepo wa pampero ulikuja na mvua ya ubavuni.
Mti ukalalia waya nyuma ya soko.
Swichi mbili zikajifungua bila kumwomba mtu ruhusa,
kipande kilichojeruhiwa kikatengwa,
umeme ukageuka, ukapita njia ya bandarini.
Sekunde thelathini na nane.
Ndani ya sekunde hizo lifti moja ilikwama
kati ya ghorofa ya nne na ya tano,
na ndani ya lifti, don Wáshington na mkate wake;
juu, mashine ya oksijeni ya mkewe ikalia mara moja,
ikanyamaza. Lifti ikapanda.
Mkate ulikuwa bado moto.

Hakuna aliyepiga simu.
Nakiri, niliitamani japo moja.

Lakini nyumba kumi na moja za nyuma ya soko
zilikaa gizani mpaka alfajiri,
maana ule mti haukuondolewa na hesabu.
Waliupandia vijana wawili, wakilowa, kwa ngazi.
Niliwapelekea chai. Mmoja akaniuliza habari za vidole.

Mita ya ukutani kwangu ni kisanduku cheupe.
Hakina lile gurudumu lililokuwa likizunguka
ambalo Irupé aliliita jicho la kampuni.
Kila robo saa kinapeleka taarifa, kimyakimya.
Tangu tumzike Irupé
naamka saa tisa usiku, nawasha taa ya jikoni,
nawasha jiko, nateleka maji, nasahau kunywa.
Usiku wa kumi na tatu simu ililia.
"Baba, hujalala."
Halikuwa swali.

Kanuni za kazi zinamkataza kuchungulia nyumba ya mtu.
Nilijua. Naye alijua kwamba najua.
Nilitaka kumgombeza:
mwanangu, waya si tundu la ufunguo.
Badala yake nikamuuliza mzigo wa mji,
na kama vinu vinazunguka.
"Vinazunguka," akasema.
"Zima jiko, Baba. Maji yatakuwa yamekauka."

Nikazima.
Huko kwake, bila shaka,
kistari kimoja kikashuka.