Usiachie Kabla Sijafunga

Pedali ililala pale Isyonje,
ikalala chini kabisa kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa,
haikunyanyuka tena.
Magunia kumi na manane ya viazi mgongoni, safari ya Kyela,
ukungu umeshuka mpaka kwenye vioo,
na gia namba moja inasaga meno, inakataa kuingia.

Fundi wa kwanza alikuja na soda mkononi.
Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa:
"Mama, hii pleti. Tushushe giaboksi.
Laki mbili na nusu, ufundi tu."
Nikampigia Anyelwisye.

Hatukuwa tumeongea tangu siku ya kugawana.
Yeye alipata migomba ya Kiwira,
mimi nikapata pikapu,
yeye aliyelala chini yake tangu ana miaka kumi na miwili.
Sijui baba aliwaza nini.

Alikuja na bodaboda, spana zimefungwa kwenye mfuko wa mbolea.
Hakusema ugonile. Aliuliza, akiitazama pikapu:
"Injini ilikuwa inapiga kelele bila kwenda, au gia hazikuingia?"
Hazikuingia.
"Basi pleti nzima. Pleti ikiisha, klachi haishiki.
Hii imeshika. Imesahau kuachia."

Akafungua kikopo cha mafuta chini ya boneti:
kikavu, na ukoko mweusi kitakoni.
Akapapasa ukuta juu ya pedali. Pakavu.
"Silinda ya juu haina kosa."
Akatandika kadibodi, akajisukuma chini,
akabinua mpira wa vumbi wa silinda ya chini,
mafuta yakamdondokea kwenye kola,
meusi kama chai iliyosahaulika jikoni.
"Huyu hapa."

Nikaenda Mwanjelwa, nikarudi,
silinda mpya kwenye mkoba, elfu thelathini na tano
baada ya kutoka dukani kwa hasira mara mbili.
Nilimkuta bado amelala.
Nati ya bomba ilikuwa inateleza kwenye spana namba kumi;
ameipaka dizeli, ameigonga taratibu, anaisubiri.
Simjui mtu anayejua kusubiri nati kama yeye.

Ikabaki hewa.
"Kaa kwenye usukani," akasema. Jina hakutaja.
Mpira mwembamba, ncha moja kwenye nipo,
nyingine ndani ya chupa ya maji.

Kanyaga.
Nimekanyaga.
Tena. Tena. Shika hapo hapo.
Nimeshika.

Mlio kama wa mtu anayemeza mate. Pedali inazama.

Nimefunga. Achia.
Nimeachia.

Mara moja nilipiga chafya, mguu ukatoka.
"Usiachie kabla sijafunga!
Inavuta upepo, tunaanza upya."
Tukaanza upya.

Kanyaga. Nimekanyaga.
Shika. Nimeshika.
Miezi minane, na haya ndiyo maneno yetu ya kwanza,
yeye chini ya sakafu, mimi juu yake,
bati moja katikati.
Mara ya kumi na tisa, au ishirini, sikuhesabu tena:

Kanyaga, Subi.
Nimekanyaga.
Shika.
Ninashika, kaka.

Mapovu yakawa madogo, yakawa nukta, yakaisha.
Pedali ikausukuma mguu wangu, ngumu.
Gia moja ikaingia bila neno.

Alipokuwa akijaza kikopo, mkono ulimteleza.
Mafuta ya breki yalirukia mlango, pale baba alipoandika kwa brashi
MWASOMOLA NA WANAWE.
Hula rangi, mafuta yale. Akamwagia maji,
kwa kopo, kwa viganja, kisha akapangusa kwa shati lake.
Herufi ya mwisho ilikwisha kuvimba.
Tuliitazama. Hakuna aliyesema kitu.

Nikauliza bei.
"Gunia moja," akasema, "la lumbesa. Usinipimie kwa mizani."
Mbele hakukaa.
Akapanda juu ya viazi, koti kichwani,
na kila nilipobadili gia kuteremka Kiwira
alipiga paa kwa kiganja, mara moja.
Namba tatu. Namba nne.
Pale daraja lilipo nilirudi namba mbili bila sababu,
nimsikie tu.